Madoa ya kutu miguuni: damu iliyovuja, si damu chafu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliingia chumba cha daktari amevaa soksi ndefu za sufu, saa nane mchana, mwezi wa Februari, Dar es Salaam. Anayelijua joto la Februari la mji huu atajua mara moja kwamba mtu wa namna hiyo ana jambo analolificha. Alipozivua nikaona vidoadoa vya rangi ya kutu kuanzia kwenye vifundo hadi katikati ya miundi, kama aliyenyunyiziwa pilipili ya unga. Haviwashi, haviumi, havikuvimba.

"Daktari, mwaka huu nimepima ukimwi mara tatu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mara zote majibu ni hasi. Sasa hii ni nini?"

Nilimwomba alale kitandani, nikachukua bilauri ya kioo na kuikandamiza juu ya vile vidoadoa huku nikivitazama kupitia kitako chake. Kipimo hiki hakina gharama na mtu anaweza kukifanya nyumbani. Wekundu wa kung'atwa na mbu, kwa mfano, hutokana na mishipa iliyotanuka, na damu ingali ndani yake. Ukikandamiza, damu inasogea na wekundu unapotea. Damu ikiwa imeshatoka nje ya mshipa haina pa kukimbilia, kwa hiyo doa linabaki vilevile. Madoa ya mwalimu yalibaki.

Kapilari ni mishipa midogo kuliko yote mwilini. Upana wake ni kati ya mikroni 5 na 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 au 8, ndiyo maana chembe hizo hupita zikifuatana moja moja, pengine hata zikijikunja ili zipenye. Ukuta wa kapilari ni tabaka moja tu la seli. Ukuta huo ukiingiwa na uvimbe mdogo, unalegea na chembe chache zinachuruzika kwenda kwenye ngozi. Ni chache mno, hazimpunguzii mtu damu wala nguvu. Ila chembe iliyotoka haina njia ya kurudi. Inavunjika, seli walaji zinakuja kuisafisha, na kinachobaki baada ya usafi huo ni chuma, maana damu yetu ina chuma. Kinahifadhiwa ndani ya seli hizo kwa umbo linaloitwa hemosiderini. Kwa hiyo ninaposema rangi ya kutu sifananishi tu, kwa sehemu kubwa ni kutu kweli.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mguu mmoja una madoa ya rangi mbili au tatu. Mekundu ni ya juzi, ya kahawia ni ya miezi iliyopita. Na uvujaji ukiisha leo, doa linaweza kukaa miezi, hata miaka, kwa sababu kukiondoa chuma kile ni kazi ya polepole.

Hali hii ilielezwa mwaka 1901 na Jay Frank Schamberg, daktari wa ngozi wa Philadelphia, Marekani, aliyekuwa amemchunguza kijana wa miaka 15. Mpaka leo inaitwa ugonjwa wa Schamberg. Ina ndugu zake: upo wa madoa yanayojipanga kama pete, upo wa baka moja la rangi ya dhahabu linalong'ang'ania mahali pamoja, upo unaowasha sana. Majina yake ni mengi kuliko faida ya kuyajua. Haiambukizi, si dalili ya ukimwi, na haitokani na "damu chafu", maneno ninayoyasikia karibu kila wiki na ambayo sijawahi kuyaona kwenye darubini.

Kwa nini miguuni? Ukisimama wima bila kutembea, damu yote kuanzia moyoni hadi kwenye nyayo inalemea mishipa ya chini. Msukumo ndani ya vena za mguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki. Ukianza kutembea, misuli ya shavu la mguu inaikamua damu kwenda juu na msukumo unashuka hadi kama 20 au 30. Mwalimu wangu alikuwa akisimama mbele ya ubao tangu asubuhi. Walinzi wa mageti, vinyozi, makonda na akina mama wa jikoni kwenye mahoteli wana habari hiyohiyo. Wengine huanza baada ya matembezi marefu juani.

Kusimama peke yake hakutoshi kuwa sababu, na kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Mara nyingine ni dawa: baadhi ya zile za shinikizo la damu, za kifafa, za kisukari, hata aspirini na paracetamol zimewahi kuhusishwa. Nguo pia zimo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, madaktari wa jeshi la Uingereza waliona vipele vya namna hii kwa askari waliovaa mashati ya kaki. Kwa hiyo mgonjwa akija namwambia anionyeshe mfuko wake wa dawa wote, zikiwemo za mitishamba na zile "za jirani". Hakuna haja ya kuacha dawa ya presha kwa uamuzi wako mwenyewe eti kwa sababu ya madoa, maana presha ndiyo inayoua.

Kwenye ngozi nyeusi mambo ni magumu kidogo. Wekundu hauonekani vizuri, na vitabu vingi vya ngozi vimejaa picha za watu weupe. Kwetu madoa mapya huweza kuonekana ya zambarau iliyofifia, na ya zamani yakawa meusi kabisa, kiasi cha mtu kudhani ni makovu ya upele. Kaa karibu na dirisha mchana, usitegemee taa ya chumbani.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Madoa yenyewe hayajamdhuru mgonjwa wangu hata mmoja, lakini dawa wanazojitafutia zimewadhuru wengi. Mtu akiona miguu imekuwa na madoa anakwenda kwenye mkorogo. Viambato kama haidrokwinoni kazi yake ni kuzuia ngozi kutengeneza melanini, rangi yetu ya asili. Doa hili si melanini, ni chuma. Unachofanikiwa ni kuichubua ngozi nzuri iliyolizunguka, na doa sasa linaonekana zaidi kuliko mwanzo. Mwingine anauziwa dukani krimu kali ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), yenye clobetasol, anapaka asubuhi na jioni kwa mwaka mzima. Krimu hiyo ikitumika muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na mishipa yake kuwa dhaifu, na mishipa dhaifu inavuja. Nimewahi kumpokea mama aliyekuwa akitibu madoa kwa kitu kilichokuwa kikizalisha madoa mapya.

Vipo vidoadoa visivyopotea kwa bilauri ambavyo si vya kusubiri. Vikija pamoja na homa, shingo kukakamaa au mtu kuchanganyikiwa, hasa mtoto, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Homa na maumivu makali ya mwili wakati dengi imeingia mjini, kama ilivyokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, pia ni safari ya hospitali. Fizi kutoka damu, damu ya pua isiyokatika, hedhi nzito kuliko kawaida au alama za kuvilia damu bila kugongwa zinanifanya nipime chembe sahani, zile za kugandisha damu. Mtoto mwenye vipele vilivyoinuka miguuni na matakoni, huku akilia tumbo na viungo, apimwe mkojo pia. Na uvimbe mgumu wa zambarau unaokua, pengine na mguu kujaa, ni jambo jingine kabisa, huo unaweza kuwa saratani ya Kaposi.

Kwa mwalimu nilipima picha kamili ya damu, na chembe sahani zilikuwa za kutosha. Mara nyingi hiyo inatosha. Tukiwa na shaka, au madoa yakipanda mwilini mwaka hadi mwaka, tunakata kipande kidogo cha ngozi kikachunguzwe, kwa sababu kwa nadra saratani fulani ya ngozi hujifananisha na hali hii. Hauhitaji kuja jijini kwa ajili hiyo: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha matabibu wa ngozi wanaofanya kazi mikoani na katika nchi nyingi za Afrika.

Tiba? Mara nyingi hakuna, na hilo ndilo jibu lisilopendwa na wagonjwa. Soksi za kubana husaidia anayesimama kutwa, ila mwenye kisukari au miguu inayopata damu kidogo apimwe kwanza. Inua miguu jioni, na ukiwa kazini usisimame kama mlingoti, tembeatembea. Kukiwa na muwasho, krimu laini ya haidrokotizoni, steroidi isiyo kali, kwa siku chache. Vitamini C pamoja na rutosidi, kiambato kinachotokana na mimea, vimejaribiwa kwa wagonjwa wachache na baadhi yao walipata nafuu. Simkatazi anayetaka kujaribu, wala simwahidi kitu.

Ukija kliniki, njoo na picha. Piga moja kila mwisho wa mwezi, mchana, mahali palepale, ukiweka sarafu ya shilingi 200 kando ya doa ili tujue ukubwa wake. Zungushia kwa kalamu ya wino madoa mekundu unayoyaona leo. Mwezi ujao tutaangalia kama yaliyo ndani ya mstari yamegeuka kahawia, na kama kuna mapya nje yake.