Hoja ya kodi hupikwa kabla ya Juni

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa mapendekezo ya kodi kwa niaba ya jumuiya ya wafanyabiashara hapa Dar es Salaam, na kila mwezi Juni, Waziri wa Fedha anapomaliza kusoma bajeti, wanachama hunipigia simu kuuliza kwa nini hatukuwasemea. Swali hilo ni la haki, ila huwa limechelewa. Wizara ya Fedha hukaribisha maoni ya wadau miezi mingi kabla ya hotuba ile, na Muswada wa Sheria ya Fedha ukishawasilishwa bungeni, muda unaobaki ni mfupi mno, kwa kuwa mabadiliko mengi huanza kutumika Julai 1.

Kuwahi peke yake hakutoshi, kwani tunaweza kuwahi na ombi baya. Mwaka 2018 Tanzania iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, kwenye taulo za kike, jambo ambalo watu wengi walilipigania kwa nia njema kabisa. Mwaka uliofuata Serikali ikairudisha, ikieleza kwamba bei madukani haikushuka. Wengi waliwatupia lawama wauzaji, lakini mimi naona sehemu ya tatizo ilikuwa katika aina ya nafuu iliyotolewa, yaani msamaha. Bidhaa yenye msamaha haitozwi VAT inapouzwa, lakini mzalishaji naye hawezi kudai kodi aliyolipa kwenye malighafi, vifungashio na huduma alizonunua, kwa hiyo kodi hiyo inajificha ndani ya bei. Bidhaa ya kiwango cha asilimia sifuri humruhusu kuidai. Jumuiya inayoomba msamaha bila kuonyesha kodi hiyo ya manunuzi itaishia wapi inaipa Serikali sababu ya kuufuta mwaka unaofuata.

Ndiyo maana naamini nguvu yetu imo katika vitabu vya wanachama. Wakati kiwango cha lazima cha kusajiliwa VAT kilipokuwa mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, mama mmoja anayeuza vifaa vya umeme alikuja ofisini na mfuko wa rambo uliojaa risiti, akaumimina mezani na kuniambia, "Mwanangu, mimi hesabu zenu sizijui, zisome wewe." Tulizipanga mwezi kwa mwezi. Mauzo yake yalikuwa wastani wa milioni 10 kwa mwezi, kwa hiyo alikuwa amevuka kiwango hicho, na faida yake ghafi ilikuwa kama asilimia 8, yaani laki nane, kabla ya kulipia pango na mshahara wa kijana wa dukani. Sehemu kubwa ya mzigo aliununua kwa watu wasiotoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki, kwa hiyo alikuwa na kodi ndogo sana ya manunuzi ya kudai. VAT ya asilimia 18 ikitolewa ndani ya mauzo hayo ni zaidi ya milioni moja na nusu. Kupandisha bei hakuweza, kwa kuwa jirani yake ambaye hajasajiliwa aliuza taa zile zile.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia kamatakamata na usajili wa stoo miongoni mwa mengine, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Kuanzia Julai mwaka huo kiwango cha usajili wa VAT kikapandishwa hadi milioni 200. Siubezi mgomo, kwa sababu kufunga duka ni kilio cha mtu aliyekosa wa kumsikiliza, lakini Juni 2024 maduka ya Kariakoo yalifungwa tena, na mwenye duka la kupanga hulipa pango hata siku ambayo hakuuza kitu.

Wataalamu wa wizara wanapopokea waraka wetu hutaka kujua Serikali itapoteza mapato kiasi gani na itayafidia wapi. Ukijibu kwamba biashara ni ngumu, mazungumzo yamekwisha. Ukiweka jedwali la mauzo, manunuzi yenye risiti na yasiyo na risiti ya miezi 12, hata anayekupinga atalazimika kuzijadili namba zako. Jedwali la mama yule, likiwa limeondolewa jina, ndilo tuliloliweka mbele ya viambatisho vyetu vyote.