Habeas corpus ilianza kwa kuwaleta watu, si kuwafungua

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya habeas corpus, hapakosi mwanafunzi wa kunitafsiria "leteni maiti". Simlaumu. Corpus ni mwili, na katika Kiswahili cha taarifa za habari, ukisikia mwili umepatikana mahali, ujue mwenyewe hayupo tena. Kilatini cha mahakama za Uingereza kilikuwa na maana nyingine. Amri yenyewe kwa urefu, habeas corpus ad subjiciendum, humwambia anayemshikilia mtu: mlete huyo mtu mbele yetu, na useme umemshika siku gani na kwa sababu ipi, ili apokee uamuzi wa mahakama.

Siku hizi tunaijua kama kimbilio la mahabusu. Ndiyo maana wengi hushangaa nikiwaambia kwamba ilipozaliwa haikuwa na uhusiano wowote na uhuru. Katika karne ya 13 ilikuwa chombo cha kazi tu, karibu sawa na hati ya kukamata. Mahakama ya mfalme ikimtaka mdaiwa aliyejificha, ilimwandikia sherifu: mlete. Wajumbe wa juri wakikwepa kuhudhuria, nao waliandikiwa hati yao, habeas corpora juratorum. Aliyetajwa ndani ya hati hizo hakuwa na la kushangilia, maana anakuja kuburutwa.

Mambo yaligeuka kwa sababu ambayo mimi huiona ya kibinadamu mno: ugomvi wa kugombea kesi. Uingereza ya zama hizo ilijaa mahakama za kila namna: za miji, za makabaila, za kanisa, na zile kubwa za mfalme pale Westminster. Kesi ilikuwa na ada, na ada ilikuwa riziki ya watu wa mahakama. Basi majaji wa Westminster wakaanza kutumia hati iitwayo corpus cum causa, yaani mtu pamoja na sababu, kuzinyang'anya mahakama ndogo wafungwa na kesi zao. Hapo ndipo lile neno causa lilipofanya kazi kubwa kuliko alivyotarajia yeyote. Ili kuamua kama kesi ni yao, ilibidi kwanza waulize: huyu mmemfungia nini? Na jibu likiwa halina mashiko, mtu aliachiliwa. Wenyewe twasema mafahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi. Hapa, kwa mara moja, nyasi zilinufaika.

Mtaniuliza, na Magna Carta je, ile hati ya kumbana mfalme wa Uingereza? Ibara yake ya 39, ya mwaka 1215, inasema mtu huru asikamatwe wala kufungwa ila kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Maneno mazito, lakini habeas corpus haimo. Walioviunganisha viwili hivi ni wanasheria wa karne ya 17, hasa Edward Coke, ambaye alikuwa hodari wa kuzikuta hoja zake zimeshaandikwa na mababu. Kama mwanahistoria nakunja uso. Kama wakili, namvulia kofia.

Mwaka 1627 amri hii iligongana na mfalme mwenyewe. Charles I alihitaji fedha za vita, Bunge halikumpa za kumtosha, akawatoza matajiri mkopo wa lazima. Waliokataa waliwekwa ndani, na watano kati yao, wote wenye cheo cha nait, wakaomba habeas corpus. Mkuu wa gereza akajibu kwa sentensi moja: wanashikiliwa kwa amri maalumu ya mfalme. Basi. Hakuna kosa lililotajwa. Majaji walikwama, kwa kuwa hati hiyo ilikuwa ikitolewa kwa jina la mfalme, mfalme akitaka kujua kwa nini raia wake kafungwa. Sasa jibu likiwa ni "wewe ndiye uliyetutuma", unaendelea kuuliza nini? Wakawarudisha korokoroni. Bunge likaja juu, na mwaka uliofuata likampelekea mfalme Petition of Right, yaani Ombi la Haki, ambalo pamoja na mengine lilipinga watu kufungwa bila sababu kutajwa.

Sheria ninayoipenda zaidi ni ile ya habeas corpus ya 1679, ingawa haina hata sentensi moja ya kuning'iniza ukutani. Haitangazi haki yoyote mpya. Inaziba mianya tu, na ukiisoma unaiona kila hila ya askari jela. Walikuwa wakichelewesha jibu, basi wakapewa siku 3, au 10 kama gereza liko zaidi ya maili 20, au 20 kama liko zaidi ya maili 100. Walikuwa wakiwavusha wafungwa hadi visiwani ambako hati haiwafikii, nalo likapigwa marufuku. Mkaidi faini pauni 100, akirudia 200. Jaji atakayekataa kutoa hati wakati wa likizo ya mahakama, pauni 500 za mfukoni mwake. Askofu Gilbert Burnet alisimulia kwamba muswada ulipita katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge, kwa sababu mhesabu kura alimhesabu lodi mmoja mnene kuwa watu kumi, kwa mzaha, na mwenzake hakugundua. Unaweza kuicheka hadithi hiyo, lakini kura zilizoandikwa ni 57 kwa 55, na waliohudhuria walikuwa 107. Jumlisha mwenyewe.

Karibu karne moja baadaye hati hiyohiyo ilimfikia nahodha wa meli ya Ann and Mary, iliyokuwa imetia nanga London. Ndani alikuwamo James Somerset, mtumwa aliyemtoroka bwana wake, akakamatwa na kutiwa minyororo ili akauzwe Jamaica. Mwaka 1772 jaji Lord Mansfield aliamua kwamba sheria ya Uingereza haimruhusu bwana kumsafirisha mtu hivyo kwa nguvu, akamwachilia. Hukumu yenyewe ilikuwa finyu kuliko inavyosimuliwa, na utumwa katika makoloni uliendelea miongo mingi.

Udhaifu wake nao ni wa tangu zamani. Hati hii haiulizi kama mtu ana hatia, na watawala wanaweza kuisimamisha, kama Rais Abraham Lincoln wa Marekani alivyofanya mwaka 1861. Lakini jibu linaloisumbua kuliko yote ni neno moja: hatunaye. Unamwamrishaje mtu alete asichokuwa nacho? Suala hilo lilifika Baraza la Malodi, ambalo enzi hizo lilikuwa pia mahakama ya juu kabisa, mwaka 1892, katika kesi ya Thomas Barnardo, mwenye makao ya watoto, aliyedai kwamba mtoto anayetafutwa na mama yake alikwishamkabidhi kwa mtu mwingine. Malodi wakasema hati itolewe. Kama kweli hanaye, aje aseme hivyo mbele ya mahakama, na aulizwe maswali.