Mkizi wa pwani: maswali na majibu kwa walaji wa Uganda

Mkizi ni samaki gani, na sisi tusio na bahari tunakutana naye wapi?

Mkizi ni samaki wa bahari na wa midomo ya mito, mwenye magamba makubwa na mistari myeusi inayopita ubavuni hadi mkiani. Katika Ziwa Viktoria hayumo. Wengi wetu humwonja tunapokwenda Mombasa kwa kazi au kwa ndugu. Hata hivyo, maji ya Nile yanayotoka Jinja hatimaye humfikia, kwa kuwa huko mwisho wa mto, katika delta ya Misri, mkizi huvuliwa na kufugwa.

Ana faida gani mwilini, na je, mjamzito anaweza kumla?

Anampa mlaji protini nzuri pamoja na mafuta ya omega-3, yanayofaa moyo na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kwa kuwa chakula chake ni mwani na mabaki laini ya matopeni, wala si samaki wengine, zebaki mwilini mwake huwa kidogo kuliko ile ya papa; mjamzito anaweza kumla mara 2 au 3 kwa wiki, mradi ameiva sawasawa. Asiyempata asihangaike: mukene, anayeliwa mzima pamoja na mifupa yake, humpa mlaji omega-3 na kalisi pia.

Nitajuaje kwamba hajaharibika?

Hapa mzoefu wa kununua sato anaweza kukosea, kwa sababu amezoea kutazama jicho. Jicho la mkizi limefunikwa na utando wa mafuta, hivyo huonekana lenye ukungu hata akiwa ametoka majini sasa hivi. Funua matamvua uone kama ni mekundu, kisha bonyeza mnofu kwa kidole: ukibaki na shimo, mwache. Ukifika nyumbani ondoa matumbo yote mapema, maana humo hukaa tope alilokula, na ndilo linaloharibu ladha.

Nimesikia kwamba akitiwa chumvi nyingi huliwa bila kupikwa. Ni salama?

Mimi sishauri kabisa. Misri wana mkizi wa kuvundikwa kwa chumvi, aitwaye fesikh, anayeliwa wakati wa sikukuu ya majira ya kuchipua, na mwaka 1991 fesikh ilihusishwa na sumu ya botulizimu iliyolaza watu 91 hospitalini, 18 kati yao wakafariki. Bakteria wa sumu hiyo hustawi pasipo hewa, hasa samaki akiwekwa na matumbo yake huku chumvi haijapenya hadi ndani. Isitoshe, mnofu wa mkizi wa maji ya delta unaweza kubeba vifuko vya minyoo midogo ya utumbo, ambayo hufa kwa moto lakini huweza kustahimili chumvi ya siku chache. Mkaange, mchome au mpike kwa nazi, mpaka mnofu wa karibu na mfupa wa mgongo uwe mweupe na uachie wenyewe.

Ni dalili gani zinazohitaji hospitali bila kuchelewa?

Kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito na kushindwa kumeza, dalili ambazo mara nyingi huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula. Mgonjwa wa namna hiyo asipewe maziwa wala dawa za nyumbani, kwani misuli ya kupumua inaweza kulegea pia. Apelekwe hospitali usiku huohuo, na anayemsindikiza amweleze daktari ni samaki gani aliyeliwa na lini.