Kaskazini Hakuna Kitu? Yale Nairobi Inayoamini Kuhusu Nchi Kame

Dhana: Huko kaskazini mwa Kenya hakuna biashara, watu wanaishi kwa msaada.

Ukweli ni kwamba aliyekula nyama choma Nairobi wikendi iliyopita huenda alikula mbuzi wa Marsabit bila kujua. Fika Kiamaiko, pale Huruma, asubuhi na mapema. Malori yanashusha mbuzi na kondoo waliotoka Moyale, Marsabit na Isiolo. Madalali wanabonyeza mgongo na kiuno cha mnyama kupima unono, bei inapatana, pesa zinatumwa kwa M-Pesa, na jua halijakolea nyama ishaondoka kuelekea bucha za mitaani.

Kuna na maziwa ya ngamia. Kina mama wa Isiolo huyapokea kutoka kwa wafugaji, huyanusa na kuyaonja, wakayapoza kwenye friza, kisha mitungi ya manjano hupandishwa basi la abiria hadi Eastleigh. Yakichacha njiani si hasara, yana wateja wake. Na kwa kuwa vyombo vyake hufukizwa moshi, mgeni akipewa chai hudhani sufuria imeungua.

Kinachouma ni kwamba faida kubwa hubaki huku kwetu. Mnyama husafirishwa akiwa hai, akapungua uzito njiani, halafu kazi ya kuchinja, ngozi na bei ya rejareja vyote vikawa vya Nairobi.

Dhana: Ukame ndio ulioiacha kaskazini nyuma.

Ukame upo, lakini barabara haioti kwa mvua. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo zielekezwe mahali penye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme, ili ziongeze mapato ya taifa kwa haraka. Maeneo kame, ambayo ni takriban asilimia 80 ya ardhi ya Kenya, yakakaa nje ya hesabu kwa miongo kadhaa. Katiba ya 2010 ilijaribu kurekebisha: ikaleta ugatuzi, na Kifungu cha 204 kikaunda Hazina ya Usawazishaji yenye asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme. Pesa za hazina hiyo zimekuwa zikifika kwa kuchechemea.

Angalia lami moja tu ilichofanya. Lori la Moyale lilikuwa likichukua siku mbili, hata tatu, kufika Isiolo, na mvua ikinyesha ni kulala njiani. Lami ilipokamilika, kwenda Moyale kutoka Nairobi kukawa safari ya basi la usiku.

Dhana: Kote ni jangwa na joto.

Chalbi ndiyo jangwa hasa. Mji wa Marsabit uko mlimani kando ya msitu, na ukungu wa asubuhi unataka sweta.

Dhana: Wana upepo na jua, kwa hivyo umeme si shida.

Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Umeme wake hupita kwenye nyaya kwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa na kuingia gridi ya taifa. Mwaka 2018, ulipoanza kutiririka kuja huku, mji wa Marsabit wenyewe ulikuwa bado unategemea zaidi jenereta za dizeli. Mwaka 2021 mahakama huko Meru iliamua kuwa hati za ardhi ya mradi huo, ekari 150,000, zilipatikana bila kufuata utaratibu.

Dhana: Mfugaji hurundika mifugo kwa fahari tu.

Hii huwa naisikia sana kwa watu wenye akaunti ya sacco, na wala hawaoni kichekesho. Kundi ndilo akiba, karo na bima. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa nchini. Aliyeanza na mbuzi wengi alibakiwa na majike wa kuanzia upya. Aliyekuwa na wachache alihamia kando ya mji kutafuta kibarua. Bima ya kisasa nayo ipo. Ilianza Marsabit mwaka 2010, na hulipa kwa kutazama kwa setilaiti jinsi malisho yalivyokauka.

Dhana: Kimbia Isiolo ukanunue ploti kabla bei haijapanda.

Hii ndiyo mpya, na madalali wa Nairobi wanaipenda tangu LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, uzinduliwe mwaka 2012. Uwanja wa ndege umejengwa, barabara ipo, mji unakua kweli. Ila sehemu kubwa ya ardhi huko ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ile isiyosajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Iliyosajiliwa haiuzwi mpaka angalau thuluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa katika jamii hiyo wakubali. Dalali akikuletea karatasi ya kuuziana yenye sahihi ya mzee mmoja, akiba yako iache benki.