Nani Aliwafundisha Wachungaji wa China?

Chuo cha Theolojia cha Nanjing kilipofunguliwa tena Februari 1981, walimu waliorudi darasani walikuwa wazee. Wanafunzi walioketi mbele yao walikuwa vijana waliokulia katika nchi ambayo milango ya makanisa ilikuwa imefungwa. Kati ya makundi hayo mawili karibu hapakuwa na mtu. Yule mchungaji wa miaka arobaini hivi, ambaye popote pale ndiye anayelea wainjilisti, anayebatiza, anayezika na kusuluhisha ugomvi wa ndoa, alikuwa adimu mno.

Nafundisha viongozi wa makanisa, na nikisoma historia ya China, pengo hilo la umri hunigusa kuliko habari za majengo yaliyotaifishwa. Jengo laweza kurudishwa kwa barua ya ofisa mmoja. Uzoefu wa miaka ishirini wa kuchunga watu haurudishwi na mtu yeyote.

Pengo lenyewe lilianza kuchimbika kabla ya Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao iliyoanza 1966. Wamisionari waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1952 vyuo kadhaa vya mashariki mwa nchi viliunganishwa kuwa hicho kimoja cha Nanjing, na mwaka 1961 chuo cha Yanjing cha Beijing nacho kikaingizwa humo. Mhubiri Watchman Nee alikamatwa 1952 na akafa kifungoni 1972. Mchungaji Wang Mingdao alikamatwa 1955 na tena 1958, akatoka gerezani 1980 akiwa na umri wa karibu miaka themanini. Kisha 1966 kila kitu kikafungwa, hata makanisa yaliyokuwa chini ya harakati ya kizalendo iliyokubaliwa na serikali. Harakati hiyo imejengwa juu ya shabaha tatu: kujitawala, kujitegemea na kujieneza. Msomaji wa Afrika Mashariki anazifahamu, maana aliyezipigia debe katika karne ya 19 ni Henry Venn, katibu wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, lile lile lililomtuma Krapf Mombasa mwaka 1844.

Makanisa yalipoanza kufunguliwa 1979, viongozi waligundua kwamba waumini walikuwa wameongezeka. Wakati wa kufungwa, watu walikutana majumbani usiku, vijijini Henan, Zhejiang na kwingineko. Waliosimamia ibada walikuwa wakulima, na wengi wao wanawake, wenye Biblia zilizonakiliwa kwa mkono au vipande tu vya Maandiko walivyovishika kwa moyo. Wengine walisikiliza redio za kutoka Manila na Guam, ambako Maandiko yalisomwa polepole ili msikilizaji apate kuandika. Watu hao hawakuwa na cheti wala cheo, lakini tayari walikuwa wachungaji wa maelfu. Kwa hiyo kazi haikuwa kuzalisha viongozi, kwa sababu walikwishakuwepo. Kilichotakiwa ni kuwafikia walipo bila kuwang'oa katika mashamba na makundi yao.

Hapo naona busara kubwa ya Nanjing. Mbali na darasa la wachache, chuo kiliandaa masomo ya kusambazwa kwa posta: maelezo ya vitabu vya Biblia na mifano ya mahubiri, kwa lugha ambayo mtu wa elimu ndogo angeielewa. Mwaka 1983 kikatoka kitabu kipya cha nyimbo 400. Msikichukulie kitabu cha nyimbo kuwa jambo dogo. Kwa mama anayeongoza ibada kijijini na asiyesoma kwa wepesi, nyimbo ndizo mafundisho yake ya Utatu, ya msalaba na ya ufufuo. Anayezijua nyimbo hamsini barabara ana silaha dhidi ya mhubiri wa uongo.

Na wahubiri wa uongo walikuja. Kundi la Umeme wa Mashariki, linalofundisha kwamba Kristo amekwisha kurudi akiwa mwanamke wa Kichina, liliwavuta wengi kutoka makanisa ya nyumbani, yaani yale ya majumbani yasiyosajiliwa. Aprili 2002 liliwateka viongozi 34 wa mtandao mmoja mkubwa wa makanisa hayo. Waliwapataje? Waliwaalika kwenye mafunzo ya uongozi. Naumia kila ninapolikumbuka tukio hili, kwa sababu linaonyesha njaa ilivyokuwa: mwaliko wa kusoma ulitosha kuwatoa watu waliozoea kujificha.

Wengi wa makanisa ya nyumbani hawakutaka kupeleka vijana wao vyuo vilivyokubaliwa na serikali, na sababu zao zinastahili heshima. Kuanzia 1998, Askofu Ding Guangxun, mkuu wa chuo cha Nanjing kwa muda mrefu, alisukuma mpango wa kuijenga upya theolojia, akitaka fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani lisisisitizwe mno. Kwa mkulima aliyepigwa kwa ajili ya imani hiyo, huo ulikuwa usaliti. Basi wakasoma kwa siri, wanafunzi wakifungiwa katika nyumba moja kwa wiki au miezi, na walimu wakitoka Hong Kong, Taiwan, Korea Kusini na ughaibuni.

Mwaka 2018 serikali ilitaja Waprotestanti milioni 38 na watumishi 57,000. Hiyo ni zaidi ya waumini 660 kwa kila mtumishi, na waumini wasiosajiliwa ni wengi mno. Tangu hapo masharti yamekazwa. Kanuni zilizoanza Machi 2022 zinaruhusu mafunzo ya dini mtandaoni kwa taasisi zenye kibali tu, tena kwa wanafunzi wao waliosajiliwa kwa majina halisi. Oktoba 2025 alikamatwa Jin Mingri, mchungaji wa Kanisa la Zion, lililokuwa limehamishia ibada mtandaoni baada ya kufungiwa Beijing 2018, pamoja na viongozi wenzake kadhaa.

Tofauti na 1981 ni kwamba sasa watu wa umri wa kati wapo. Ni wasomi wa mijini, baadhi wana shahada za theolojia, na wengi wamewahi kufundisha. Ninapoulizwa na wenzangu tuwasaidie vipi, huwajibu kwamba mwalimu mgeni asitangulizwe. Wapewe vitabu vizuri kwa Kichina, na kila mmoja wao awafundishe mwenyewe watu watano au sita, ana kwa ana.