Raki ya gitaa, lupu na sinthesaiza: tunayodanganyana na ukweli wake

"Huyo anapiga pleibeki."

Ndilo neno la kwanza kusikika pale mpiga gitaa mmoja anapokaa kando ya raki, yaani kabati la mashine zenye taa, na ukumbi ukasikia bendi nzima. Pleibeki ni muziki uliorekodiwa kabla; huja imeshapikwa nyumbani. Lupu inapikwa mbele yako: mashine huanza tupu, mpigaji anakanyaga pedali, anapiga rithimu, anakanyaga tena, na rithimu ile inajirudia huku yeye akiiwekea besi, kisha solo. Aliyekulia kwenye sebene anaujua mchezo huu, ila kule wanagawana watu watatu. Tena ukikanyaga umechelewa kidogo tu, kosa lako linakurudia kila mzunguko, mpaka ulifute.

"Ni mambo ya vijana wa kompyuta."

Mwaka 1972, huko London, mpiga gitaa Robert Fripp na mwanamuziki Brian Eno waliweka mashine mbili za tepu za Revox. Tepu moja ilipita kote kuwili: ya kwanza inarekodi, ya pili inasoma na kuirudisha sauti kwenye ya kwanza. Umbali kati yake ndio ulioamua sauti irudi baada ya muda gani. Mashine za raki za dijitali zilifuata miaka ya 1990. Lexicon JamMan ilitoka kiwandani na nafasi ya sekunde 8. Ukiiongezea kumbukumbu, 32. Umeme ukikatika, lupu yote imekwenda. Ndiyo maana nikiona raki ya zamani isiyo na UPS (betri ya akiba) namwonea mwenyewe huruma.

"Chomeka gitaa lolote kwenye sinthesaiza, litalia filimbi."

Sinthesaiza ni mashine inayounda sauti za vyombo vingine, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Pikapu ya kawaida (kinasa sauti cha nyuzi za gitaa, si ile ya kubebea mkaa) hutoa nyuzi zote sita zikiwa zimechanganyika kwenye waya mmoja, na sinthesaiza za raki za zamani haziwezi kuzichambua. Hufungwa pikapu ya pekee karibu na daraja la gitaa (pale nyuzi zinapokalia), kila uzi na sehemu yake. Ile ya Roland iliyozoeleka hutumia kebo ya pini 13. Inakaa karibu mno na nyuzi, kama milimita 1 ukibonyeza freti ya mwisho, na ikikaa vibaya uzi mmoja utapiga kelele na mwingine utanong'ona. Zipo pedali za siku hizi, kama Boss SY-1, zinazokubali gitaa la kawaida, lakini huwezi kuupa kila uzi sauti yake.

"Sinthesaiza inachelewa kwa sababu ni ya bei rahisi."

Tatizo linaanzia kwenye uzi wenyewe. E ya uzi mnene hutikisika kama mara 82 kwa sekunde, yaani mtikisiko mmoja huchukua milisekunde 12. Mashine inayotafuta noti lazima ione walau mtikisiko mmoja hivi ndipo iijue. E ya uzi mwembamba hutikisika karibu mara 330, milisekunde 3 tu. Kwa hiyo wajanja hupiga besi kwenye nyuzi nyembamba, kisha wanaiagiza sinthesaiza ishushe okteva mbili. Usafi wa mkono nao unahesabika: kidole kikikwaruza uzi, mashine inadhani ni noti, na tarumbeta linakohoa katikati ya wimbo.

"Waya wa MIDI unapitisha sauti."

Unapitisha maagizo tu, kutoka mashine moja ya muziki hadi nyingine: noti gani, kwa nguvu gani, iishe lini. Kila uzi ukipewa chaneli yake, unaweza kuvuta mmoja bila kuyumbisha nyingine.

"Mashine ya lupu ikae popote."

Hili nililijifunza harusini, kwa aibu. Niliiweka kabla ya distoshoni, kifaa cha kukwaruza sauti ya gitaa. Rithimu peke yake ilikuwa tamu. Nilipoongeza safu ya tatu, zote zikasagwa pamoja ndani ya distoshoni ile moja, ukumbi ukasikia mashine ya kukoboa. Sasa gitaa na sinthesaiza vinaingia kwenye mikisa (kichanganya sauti) ndogo ya raki, na lupu inakaa kwenye njia ya pembeni ya mikisa hiyo. Nachagua kipi kiingie, na nikibadilisha sauti ya gitaa, kilichokwisha kurekodiwa hakiguswi. Kutoka hapo naenda moja kwa moja kwa fundi mitambo. Amplifaya ya gitaa hukata sauti kali za juu, na vayolini za sinthesaiza zikipitia humo zinasikika kama zimefunikwa blanketi.