Antena ya kuchapwa ya UWB: ni nini, na kwa nini graundi yake ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa

Antena ya kuchapwa ni antena iliyochorwa kwenye shaba ya bodi ya saketi, bodi ileile inayobeba vipuri ndani ya redio, simu na king'amuzi. Haina nguzo wala waya unaochomoza. Umbo huchorwa kwenye kompyuta, shaba isiyotakiwa huliwa na dawa, na shaba inayobaki ndiyo inayorusha na kupokea mawimbi. Ikiitwa ya UWB, imekusudiwa kufanya kazi kwenye ukanda mpana mno wa masafa, kuanzia gigahezi 3.1 hadi 10.6. Ukanda huo uliruhusiwa Februari 2002 na FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, na tume hiyohiyo ikaweka kigezo kinachotumika mpaka sasa: mawimbi huhesabiwa kuwa ya UWB yakiwa na upana wa angalau megahezi 500, au angalau asilimia 20 ya masafa yake ya katikati.

Bendi nzima ya FM, yenye stesheni zote zinazosikika Dar es Salaam, inaanzia megahezi 87.5 na kuishia 108. Upana wake ni megahezi 20.5. Ukanda wa UWB una megahezi 7,500. Ili vifaa hivi visiwasumbue wenye bendi zao, nguvu inayoruhusiwa ni ndogo sana: kwa kanuni ya Marekani haizidi dBm -41.3 kwa kila megahezi (dBm ni kipimo cha nguvu ikilinganishwa na miliwati moja). Hata ukijaza ukanda wote, jumla haifiki miliwati 0.6. Kwa hiyo kila kiasi cha nguvu kinachopotelea kwenye bodi ya mpokeaji ni hasara isiyofidika, maana mtumaji haruhusiwi kurusha hewani zaidi ya hapo.

Kinachopatikana ni mipigo mifupi sana ya mawimbi, na mpigo mfupi hupima umbali kwa usahihi. Wimbi la redio husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, hivyo anayeweza kutambua sehemu ya kumi ya nanosekunde anatambua sentimita 3. Ndiyo maana simu kama iPhone 11 ya mwaka 2019 zilianza kuwekewa chipu ya UWB, na ndiyo maana teknolojia hii inafaa kwenye maghala kama ya Kurasini na Barabara ya Nyerere, ambako mtu anataka kujua paleti ya mbao yenye mzigo fulani imewekwa safu gani. GPS haifanyi kazi chini ya paa la bati.

Ugumu unaanzia kwenye upana huo. Kiraka cha kawaida cha shaba, kile cha mstatili kinachotumika kwenye GPS, huitika kwenye masafa mamoja na kufunika asilimia chache tu kandokando yake. UWB inadai asilimia 109. Njia iliyozoeleka ni duara la shaba upande mmoja wa bodi, linalolishwa na mstari mwembamba wa shaba, na upande wa pili graundi (bamba la shaba ambalo ni njia ya kurudi ya umeme) inayoishia chini kidogo ya duara bila kulifunika. Duara hilo huitika mara kadhaa: mara ya kwanza karibu na gigahezi 3, kisha kwenye masafa ya juu zaidi, na kila mwitiko ni mpana kiasi cha kugusana na wa jirani yake. Miitiko hiyo ikishikana, ukanda mmoja mpana unapatikana.

Vipimo vya kuanzia vinavyojulikana kufanya kazi kwenye bodi ya FR4 (bodi ya kawaida ya nyuzi za kioo na gundi) ya unene wa milimita 1.5 ni hivi: duara la nusukipenyo cha milimita 10, bodi ya milimita 42 kwa 50, graundi yenye urefu wa milimita 20, mstari wa milimita 2.6, na, ukiitazama bodi kutoka juu, mwanya wa milimita 0.3 kati ya duara na ukingo wa graundi. Kwenye bodi ya milimita 1.6, ambayo ndiyo ya kawaida madukani, mstari wa om 50 (ukinzani wa kawaida wa vifaa vya redio, uitwao impidansi) huwa na upana wa takriban milimita 3.

Masafa ya chini kabisa hukadiriwa kwa kanuni moja rahisi. Chukua kimo cha umbo, ongeza nusukipenyo cha silinda yenye eneo sawa na umbo hilo (kwa duara ni robo ya nusukipenyo chake), ongeza mwanya, yote kwa sentimita. Zidisha kwa 1.15 kwa sababu ya FR4, kisha gawanya 7.2 kwa jibu hilo. Kwa duara la milimita 10: 2 + 0.25 + 0.03 ni 2.28, mara 1.15 ni 2.62; jibu ni gigahezi 2.75. Vipimo vya maabara vya antena ya ukubwa huo viko karibu na 2.8. Ukipunguza nusukipenyo kuwa milimita 9 unapata 3.05, bado uko salama japo kwa shida. Milimita 8 inakupa 3.42, na hapo umeshapoteza mwanzo wa ukanda. Hesabu hii ifanyike kabla ya kufungua programu yoyote ya uigaji, yaani ya kuijaribu antena ndani ya kompyuta, kwa sababu programu itakubali kuhangaika usiku kucha na umbo ambalo haliwezi kufika 3.1.

Sasa tuje kwenye graundi. Wengi huichora mwisho, kama mahali pa kufungia konekta tu. Ukitazama mkondo wa umeme kwenye uigaji unaona mambo mengine: mkondo umejikusanya kwenye kingo za duara, na umejaa vilevile kwenye ukingo wa juu wa graundi. Katikati ya duara kuna mkondo mdogo sana, kiasi kwamba unaweza kutoboa tundu kubwa hapo ukabaki na pete na antena isibadilike sana. Ukigusa ukingo wa graundi, mchoro wote unahama. Duara na graundi ni antena moja yenye mikono miwili, na mwanya ulio kati yao ndio mlango wa nguvu.

Mwanya huo ndio unaowaangusha wengi wanaotengeneza kwa mkono. Karatasi ya kung'aa, printa ya leza, pasi, kisha kloridi ya feri ndani ya beseni: njia hii inafaa kwa bodi za redio na taa, lakini hapa tunazungumzia milimita 0.3. Shaba ya kawaida ina unene wa mikromita 35. Dawa inapokula kwenda chini hula pia kwenda pembeni chini ya wino, kwa kiasi kinachokaribia unene huohuo. Mikromita 35 kila upande ni 70, na mwanya wa 0.3 umekuwa 0.37. Hiyo ni tofauti ya karibu robo kwenye kipimo nyeti kuliko vyote. Mwanya ukipanuka, impidansi hutoka kwenye om 50 na ukanda hukatika vipande. Basi chora mwanya wa 0.23 ili upate 0.3, toa bodi kwenye dawa mara tu shaba inapoisha, na pima kwa darubini ya mkononi yenye mizani, kwani rula haioni tofauti hiyo. Afadhali zaidi ni kuagiza bodi kiwandani, ambako kingo hukatwa kwa usahihi zaidi.

Kuhusu FR4 yenyewe, tuseme wazi: ni bodi ya bei nafuu inayodanganya. Thamani yake ya dielektri, inayoonesha jinsi bodi inavyofupisha wimbi, hutajwa kuwa 4.4, lakini hutofautiana kati ya 4.2 na 4.7 kutegemea mtengenezaji na masafa. Kibaya zaidi ni upotevu. Tanjenti yake ya upotevu, namba inayopima nguvu inayogeuka joto ndani ya bodi, ni karibu 0.02, wakati bodi ya masafa ya juu kama RO4003C ina 0.0027. Kwenye gigahezi 10, mstari wa om 50 juu ya FR4 ya milimita 1.6 hupoteza takriban desibeli 0.3 kwa kila sentimita kwa sababu ya dielektri peke yake. Tuseme mstari wako una sentimita 4. Nguvu inayokwenda kwenye duara inapoteza desibeli 1.2, na ile inayoakisiwa inapoteza 1.2 nyingine ikirudi. Antena iliyolingana vibaya, yenye S11 (kipimo cha nguvu inayoakisiwa na antena, kwa desibeli) ya -8, itasomeka -10.4 kwenye mashine, na mchoraji atafurahi kwamba amevuka mstari wa -10. Ukweli ni kwamba karibu robo ya nguvu imegeuka joto kabla ya kufika kwenye duara. Kwa hiyo grafu ya S11 pekee haithibitishi kwamba antena inarusha. Fupisha mstari, na dai takwimu ya ufanisi kila unapooneshwa antena mpya.

Watu wanataka antena ndogo zaidi, na hapo maneno hugeuka kuwa ahadi. Robo ya urefu wa wimbi kwenye gigahezi 3.1 ni milimita 24, na hakuna hila inayofuta namba hiyo. Zipo tu njia za kuuzungusha mkondo upite njia ndefu zaidi ndani ya eneo dogo. Kukata pengo dogo la mstatili kwenye graundi, chini kabisa ya duara, husaidia kulinganisha masafa ya juu. Kukata pembe za graundi kwa mshazari husaidia pia. Njia kali zaidi ni kuikata antena nzima katikati kwa wima, kwa kuwa nusu ya kushoto na ya kulia zinafanana. Upana hupungua karibu nusu na kulingana hubaki, baada ya kurekebisha mstari. Lakini mawimbi yanayotoka hayasimami tena wima sawasawa, huanza kuinama, na mpokeaji aliyesimama wima hupata kidogo.

Graundi ikiwa ndogo, huja balaa la kebo. Mkondo ambao ungeishia kwenye graundi hukosa nafasi na kutambaa juu ya ganda la nje la kebo ya kupimia. Unapima antena na kebo yake, unadhani unapima antena. Jaribio lake ni rahisi: shika kebo kwa vidole sentimita chache kutoka kwenye konekta huku ukitazama skrini. Mstari ukicheza chini ya gigahezi 4, kebo imeshakuwa sehemu ya antena. Kuivalisha kebo gamba la kufyonza mawimbi hupunguza tatizo wakati wa kupima. Ndani ya kifaa chenyewe hakuna kebo, na ndipo antena iliyopimwa hivyo inapoanzia gigahezi 4 badala ya 3.1.

Ndani ya ukanda wa UWB kuna wenyeji wenye nguvu nyingi kuliko sisi, hasa Wi-Fi kati ya gigahezi 5.15 na 5.825. Ufa mwembamba wa umbo la U kwenye duara, wenye upana wa milimita 0.4 hivi, huziba sehemu hiyo. Urefu wake ni nusu ya wimbi ndani ya bodi: kwa gigahezi 5.5 na FR4, ni takriban milimita 16.6. Uanze na urefu huo kisha urekebishe, kwani kosa la milimita moja huhamisha kizibo kwa karibu megahezi 300.

Kwenye kupima, mashine ndogo za VNA (zinazopima mawimbi yanayoakisiwa na yanayopita) za bei nafuu huishia njiani. LiteVNA hufika gigahezi 6.3, inatosha kwa sehemu ya chini ya ukanda, lakini haitoshi kwa chaneli 5 ya chipu za UWB, inayofika 6.74. Hapo juu inabidi mashine ya maabara. Mwanafunzi wa CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Kijitonyama, au wa DIT, taasisi ya teknolojia iliyo mjini, apange kipimo cha pili pia: antena mbili zinazofanana, zikitazamana kwa sentimita 30 au zaidi, upime S21 (nguvu inayopita kutoka antena moja hadi nyingine) na ucheleweshaji wa kundi (muda ambao kila masafa huchukua kufika). Ucheleweshaji usiyumbe zaidi ya nanosekunde moja ukanda mzima. Ukiyumba, mpigo unaotoka umetanuka na una mkia, na kipimo cha umbali kinaharibika hata kama S11 ni nzuri.

Konekta ya SMA (ile ndogo ya skrubu ya kebo za redio) ya ukingoni iwe ya bodi ya milimita 1.6, pini yake ikae bapa juu ya mstari, na risasi ya kulehemu iwe kidogo. Bonge la risasi lenye milimita 2 kwenye gigahezi 10 ni kizuizi kinachoonekana wazi kwenye grafu. Hewa ya Dar es Salaam, yenye unyevu na chumvi ya bahari, huifanya shaba tupu iwe nyeusi, na FR4 isiyopakwa hunyonya maji. Maji yana thamani ya dielektri inayokaribia 80, hivyo hata kiasi kidogo hushusha masafa na kuongeza upotevu. Paka bodi rangi ya kinga au bati, kisha pima upya baada ya kupaka.

Upimaji wa mwisho ufanyike antena ikiwa ndani ya kasha lake, betri ikiwa mahali pake. Betri iliyo milimita 5 nyuma ya duara ni kipande cha chuma, nayo hula masafa ya chini kwanza. Kama kifaa kitauzwa au kutumika kwenye ghala la mteja, TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iulizwe masharti ya masafa na idhini ya vifaa mapema, kabla vipimo vya bodi havijafungwa.